Hasara ya Minyoo Fundo Kwenye Soya Hupimwa kwa Mizani

Hasara ni tofauti ya vitu viwili: ulichovuna, na ambacho shamba lile lile, msimu ule ule, lingekupa kama adui unayemshuku asingekuwepo. Cha kwanza kiko ghalani na kinapimika. Cha pili hakipo popote, ni lazima kitafutwe. Mazungumzo mengi kuhusu minyoo fundo kwenye soya hukwama hapo. Mkulima mmoja anang'oa shina, anaona mizizi imevimba, anasema mnyoo umekula nusu ya shamba. Mwingine anaona majani ya kijani, anasema hakuna tatizo. Wote wawili wametaja kiasi cha hasara bila kuwa na kitu cha kulinganishia. Hoja ya makala haya ni kwamba makadirio ya kuaminika ya hasara hii hupatikana kwa kulinganisha sehemu na sehemu ndani ya shamba lako mwenyewe, kwa mizani, na kwamba namba nyingine yoyote, iwe ya kitabuni, ya maabara au ya macho, ni dalili tu ya kukuelekeza mahali pa kupima.

Kwanza tumjue adui, maana tabia yake ndiyo inayoharibu makadirio ya macho. Minyoo fundo haionekani kwa macho matupu. Aina zilizoenea sana kwenye mashamba ya nchi zenye joto ni Meloidogyne incognita na Meloidogyne javanica, na zote mbili hula soya. Kinyoo kichanga huingia kwenye ncha ya mzizi, hutulia mahali pamoja, na kuulazimisha mmea kutengeneza seli kubwa za kukilisha. Mzizi unavimba, ndiyo hayo mafundo. Mnyoo jike huvimba na kutaga mamia ya mayai kwenye ute ulioshikana na mzizi, na udongo ukiwa na joto zuri mzunguko wote huchukua wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo soya ya miezi minne inaweza kulea vizazi kadhaa, na uvamizi mdogo wa wiki ya pili huwa mkubwa kabla maganda hayajajaa. Mmea ulioshambuliwa hunyonya maji na virutubisho kwa shida. Mvua ikiwa ya kutosha unaweza kuficha shida hiyo kabisa. Mvua ikikatika wiki mbili wakati wa kujaza maganda, deni lote hudaiwa kwa mara moja.

Marekani wana mnyoo ndugu wa huyu, Heterodera glycines, uliogunduliwa kwao mwaka 1954 katika jimbo la North Carolina na sasa ndio unaohesabiwa kuwa adui namba moja wa soya nchini humo. Watafiti wa huko wameonyesha mara nyingi kwamba mavuno yanaweza kushuka kwa asilimia 30 bila majani kuonyesha dalili yoyote ya wazi. Mnyoo huo si huu wetu, lakini funzo linahama bila kubadilika: shamba la kijani si ushahidi wa shamba lenye afya. Na kinyume chake pia ni kweli, jambo ambalo husahaulika. Mizizi yenye mafundo mengi, kwenye udongo wenye rutuba na msimu wenye mvua nzuri, inaweza kubeba maganda karibu sawa na jirani yake. Fundo linakwambia kwamba mnyoo upo. Halikwambii umekula kilo ngapi.

Wapo watakaosema kazi hiyo imeshafanywa na wataalamu, kwa hiyo tuchukue asilimia yao na kuzidisha. Namba inayorudiwa zaidi duniani ilitokana na kazi ya watafiti Sasser na Freckman iliyochapishwa mwaka 1987: wastani wa asilimia 12.3 ya mazao makuu hupotea kwa minyoo, na kwa soya asilimia 10.6. Namba hizo zimesaidia sana kuwafanya watu wamchukulie mnyoo kwa uzito. Lakini ziliundwa kwa kuwaandikia wataalamu wa minyoo wa nchi mbalimbali na kuwaomba wakadirie. Zilikuwa rai za watu wenye ujuzi, hazikutoka kwenye mizani iliyoning'inizwa shambani. Wastani wa dunia pia huchanganya shamba ambalo mnyoo haupo kabisa na shamba ambalo soya imekufa mabaka mabaka. Mkulima wa Namtumbo, Ruvuma, akizidisha mavuno yake kwa asilimia 10.6, amepata jibu la swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Kosa jingine, na hili hufanywa hata kwenye maandiko ya miradi, ni kuchukua pengo lote la mavuno na kumtwika adui mmoja. Mavuno ya mkulima mdogo wa soya nchini Tanzania huwa karibu tani moja kwa hekta, wakati mashamba ya utafiti hupata mara mbili au tatu ya hapo. Ni rahisi kuandika kwamba tani moja na nusu hupotea kwa "magonjwa na minyoo". Ndani ya pengo hilo kuna mbegu iliyorudiwa misimu mingi, udongo wenye tindikali, fosforasi haba, mbegu isiyochanjwa kwa bakteria wa raizobia, palizi ya kuchelewa, kutu ya soya, na maganda yaliyopasuka kwa sababu vibarua walichelewa. Mnyoo una sehemu yake. Ukiupa lawama yote, utatumia fedha zote kwake, na mwakani pengo litabaki pale pale.

Je, maabara? Mtaalamu wa maabara akikuambia udongo wako una minyoo mingapi kwa kila mililita 100, si amemaliza kazi? Hapana, ingawa namba yake ina thamani. Mwanasayansi Mholanzi, Seinhorst, alieleza mwaka 1965 uhusiano kati ya wingi wa minyoo wakati wa kupanda na mavuno. Kwa maneno ya kawaida: minyoo ikiwa chini ya kiwango fulani mmea hauhisi kitu, ikipita kiwango hicho mavuno huanza kushuka, na mwishowe hufika sakafu, ambapo minyoo ikiongezeka mavuno hayashuki tena. Kiwango cha kuanzia na sakafu hiyo hutofautiana kwa aina ya mbegu, udongo, joto na mvua. Kwa hiyo idadi ile ile ya minyoo inaweza kuwa hasara kubwa kwenye kichanga cha bondeni na hasara ndogo kwenye udongo mfinyanzi wa juu yake. Zaidi ya hayo, idadi inayohusiana na mavuno ni ile ya wakati wa kupanda. Ukipeleka udongo maabara baada ya kuvuna, mabaka yaliyoumia zaidi yanaweza kuonyesha minyoo michache kuliko yale yaliyoumia kidogo, kwa sababu mizizi ilikufa mapema na minyoo ikakosa chakula. Mtu asiyejua hilo ataambiwa na karatasi ya maabara kwamba sehemu mbovu kabisa ya shamba lake ndiyo salama.

Tunarudi basi shambani. Minyoo haisambai sawasawa. Hukaa kwa mabaka, mara nyingi yenye umbo refu kufuata njia ya jembe la trekta au plau, na hupenda udongo wa kichanga. Tabia hiyo inayomsumbua mtaalamu wa maabara ndiyo inayomsaidia mkulima, maana ndani ya shamba moja, lenye mbegu moja, lililopandwa siku moja na kupaliliwa na mikono ile ile, zipo sehemu zenye minyoo mingi na zenye michache. Tofauti ya mavuno kati ya sehemu hizo ndiyo dirisha la kuiona ile soya ambayo haikuvunwa.

Kazi huanza soya inapotoa maua, karibu wiki ya sita hadi ya nane baada ya kupanda. Tembea shambani kwa mwendo wa zigizaga, pembe hadi pembe, na kila baada ya hatua ulizopanga tangu mwanzo, tuseme 30, simama na usimike kigingi chenye namba. Usichague mahali. Anayesimika kigingi penye soya mbaya kwa sababu "hapa ndipo tatizo lilipo" na kingine penye soya nzuri kuliko zote kwa ajili ya kulinganisha, ameshaandika jibu kabla ya kupima. Vigingi 20 vinatosha kwa shamba la ekari mbili tatu. Chini ya 12 usijisumbue. Kando ya kila kigingi, chimba mashina matatu. Chimba kwa jembe, usivute kwa mkono, kwa sababu mizizi myembamba yenye mafundo hukatika na kubaki chini, nawe utaandika kwamba ni safi. Tikisa udongo taratibu, suuza kwenye ndoo, tazama.

Hapa ndipo makadirio mengi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo. Mizizi ya soya yenye afya ina vinundu vyake vya halali, vile vinavyoundwa na bakteria wa raizobia ili kukamata naitrojeni ya hewani. Kuna wakulima wanaoving'oa na kuvichoma wakidhani ni ugonjwa, na wapo wengine wanaosifia mafundo ya minyoo wakidhani soya yao inajirutubisha. Kinundu cha raizobia kimeshikamana na ubavu wa mzizi, hutoka kwa kusuguliwa na kidole, na kikikatwa kwa ukucha ndani huwa chekundu au cha waridi kama kinafanya kazi. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba; huwezi kulitoa bila kuukata mzizi, na ndani yake hakuna wekundu huo. Mmea mmoja unaweza kuwa na vyote viwili, na mara nyingi mafundo yanapozidi vinundu hupungua. Hivyo sehemu ya hasara huja kwa njia ya njaa ya naitrojeni, na majani ya njano unayoyaona yanaweza kumdanganya mtu akaongeza mbolea mahali ambapo mzizi hauwezi kuinyonya vizuri.

Mafundo yapewe alama. Kipimo kinachotumika sana ni cha Taylor na Sasser cha mwaka 1978, chenye ngazi 0 hadi 5: sifuri ni mzizi usio na fundo, 1 ni fundo moja au mawili, 2 ni matatu hadi 10, 3 ni 11 hadi 30, 4 ni 31 hadi 100, na 5 ni zaidi ya 100. Huhitaji hadubini wala digrii. Andika wastani wa mashina matatu kwenye daftari, mbele ya namba ya kigingi, pamoja na neno moja kuhusu udongo: kichanga, tifutifu, mfinyanzi, au mahali panaposimama maji. Neno hilo moja utalihitaji baadaye kuliko unavyofikiri.

Soya ikikomaa, kabla vibarua hawajaingia, vuna kipande kidogo kando ya kila kigingi, upande ambao hukuchimba. Kama mistari imeachana nusu mita, chukua mistari minne yenye urefu wa mita 5. Hizo ni mita za mraba 10. Pima kwa kamba, usipime kwa hatua. Kila kipande kiwe na mfuko wake wenye namba ya kigingi. Anika mifuko yote mahali pamoja, pura, pepeta, pima yote siku moja. Ukifanya hivyo, unyevu utakuwa karibu sawa na ulinganisho utakuwa wa haki hata kama huna kipimo cha unyevu. Ukiwa nacho, rekebisha kila uzito uwe wa asilimia 13: toa unyevu ulioupata kwenye 100, zidisha kwa uzito, gawa kwa 87. Kilo 1.5 za soya yenye unyevu wa asilimia 18 ni kama kilo 1.41 tu za soya kavu, na tofauti hiyo pekee inaweza kuzaa "hasara" ambayo hakuna mnyoo uliohusika nayo.

Sasa hesabu, kwa mfano wa kubuni. Vigingi 8 vina alama 0 hadi 1, na vipande vyake vimetoa wastani wa kilo 1.6. Vigingi 7 vina alama 2 hadi 3, wastani kilo 1.4. Vigingi 5 vina alama 4 hadi 5, wastani kilo 1.1. Mtu mwenye haraka atalinganisha 1.6 na 1.1, atapata asilimia 31, na kutangaza kwamba minyoo imekula theluthi ya mavuno. Lakini mabaka mabovu ni robo tu ya shamba. Wastani wa vigingi vyote 20 ni kilo 1.405, ukitoa kwenye 1.6 unapata upungufu wa kilo 0.195 kwa kila mita za mraba 10, yaani asilimia 12. Kilo za kipande hicho huzidishwa kwa 405 kupata ekari, kwa hiyo shamba limepoteza kilo 79 kwa ekari, wala si kilo 202 alizotangaza mwenye haraka. Ikiwa soya inauzwa shilingi 1,000 kwa kilo, maamuzi yako yanatofautiana kwa zaidi ya shilingi laki moja kwa kila ekari, kulingana na namna ulivyokokotoa. Tumia bei uliyouzia kweli, iwe kwa mnunuzi wa kijijini au kwenye mnada wa stakabadhi ghalani; usitumie bei uliyosikia redioni.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya njia hii ni kwamba mnyoo hupenda kichanga, na kichanga chenyewe hutoa mavuno madogo hata kama hakina mnyoo. Tunaweza kuwa tunapima udongo huku tukiuita mnyoo. Pingamizi hili ni la haki na halijibiwi kwa kulipuuza. Jibu lake la kwanza liko kwenye lile neno uliloandika kuhusu udongo: linganisha vigingi vya kichanga kwa kichanga, vya mfinyanzi kwa mfinyanzi. Jibu la pili ni kutengeneza jozi za majirani, kigingi chenye alama ndogo na kilicho karibu nacho chenye alama kubwa, kwenye udongo ule ule na mwinamo ule ule. Halafu, kabla ya kukokotoa wastani wowote, uliza swali jepesi: katika jozi ngapi upande wenye mafundo ndio uliotoa kilo chache? Kama ni jozi 7 kati ya 8, una sababu ya kuamini, kwani kwa bahati tupu jambo hilo lingetokea chini ya mara 4 kati ya 100. Kama ni 5 kwa 3, funga daftari. Kwa msimu huo huna ushahidi wa hasara, hata kama mafundo uliyaona kwa macho yako.

Anayetaka uhakika zaidi ataweka milia: ukanda uliotibiwa na ukanda usiotibiwa, kupokezana, angalau mara nne shamba zima. Njia hii hutenganisha mnyoo na udongo, lakini ina mtego wake. Dawa nyingi za kuua minyoo huua pia wadudu wa udongoni, kwa hiyo tofauti ya mavuno ni kazi ya dawa yote, na mnyoo utasingiziwa madhambi ya funza na wengine. Tena dawa za zamani za kundi hili ni sumu kali kwa mtu. Mojawapo, kabofurani, iliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali hatari zinazohitaji ridhaa kabla ya kuingizwa nchini. Hakuna sababu ya kuweka afya ya vibarua rehani ili kupata asilimia sahihi zaidi. Mlia wa marejea, mmea wa kurutubisha udongo, uliopandwa msimu uliotangulia ni salama zaidi, nayo marejea hupunguza minyoo fundo. Kweli, huongeza naitrojeni pia, lakini soya yenye vinundu vyekundu vya kutosha hujitafutia yake, kwa hiyo upotoshaji huo ni mdogo kuliko ungekuwa kwenye mahindi.

Kuna wanaopendekeza kupanda mbegu kinzani pembeni ya mbegu ya kawaida na kuita tofauti hiyo hasara. Mbegu mbili hutofautiana kwa mambo mengi mbali na ukinzani. Ili ulinganisho uwe na maana, mbegu zote mbili zipandwe penye minyoo na pasipo na minyoo, ndipo utazame kila moja imeshuka kwa kiasi gani. Ikiwa ya kawaida imeshuka kwa asilimia 25 na kinzani kwa asilimia 5, basi karibu asilimia 20 ndiyo unayoweza kumbebesha mnyoo kwa ujasiri. Jibu hilo nalo huchakaa. Kule Marekani zaidi ya asilimia 90 ya mbegu kinzani dhidi ya ule mnyoo wao, Heterodera glycines, zilitegemea chanzo kimoja tu cha ukinzani, kinachoitwa PI 88788, na kwa miaka mingi minyoo ikajifunza kuzaliana juu yake. Makadirio yaliyofanywa wakati ukinzani ukiwa mpya hayaelezi hasara ya leo.

Wengine watasema msimu mmoja hautoshi. Ni kweli, nami sitetei msimu mmoja. Mwaka wa mvua nzuri hasara huonekana ndogo, mwaka wa ukame huonekana kubwa, na zote mbili ni za kweli kwa mwaka wake. Kinachokusaidia kuamua ni misimu mitatu ya daftari, pamoja na mvua iliyonyesha au angalau siku zilizopita bila mvua wakati wa kujaza maganda. Kuna pia hitilafu ndogo isiyoepukika: vigingi vya alama 0 hadi 1 si safi kabisa, kwa hiyo kilo 1.6 ni chini kidogo ya uwezo wa shamba, na hasara uliyopata ni ya chini kidogo kuliko halisi. Hitilafu ya kujulikana inayoelemea upande mmoja ni bora kuliko asilimia ya kukisia isiyojulikana imeelemea wapi.

Na asiye na soya shambani kwa sasa, lakini anataka kujua kama shamba analokodi lina minyoo? Huyo hawezi kupima hasara, ila anaweza kupima hatari. Chukua udongo sehemu 10 au zaidi, kina cha sentimita 15 hadi 20, kwenye unyevu wa kawaida; usiuanike juani wala kuuacha kwenye gari lenye joto, maana minyoo itakufa na utapewa habari njema za uongo. Jaza vikopo, panda miche ya nyanya aina isiyo kinzani kama Money Maker, mwagilia kwa kiasi, na baada ya wiki sita osha mizizi uhesabu mafundo kwa kipimo kile kile. Epuka nyanya chotara zenye herufi N kwenye paketi. Hizo zimewekewa ukinzani dhidi ya minyoo hii, ingawa ukinzani huo hulegea joto la udongo likipita nyuzi 28.

Kilo zikishajulikana, uamuzi huwa mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Weka hasara ya ekari upande mmoja na gharama ya tiba upande wa pili, ukikumbuka kwamba hakuna tiba inayorudisha hasara yote. Kama tiba inaokoa nusu, zile kilo 79 ni kilo 40 hivi, na dawa yoyote inayogharimu pamoja na vibarua zaidi ya bei ya kilo 40 haina nafasi kwenye shamba hilo. Mara nyingi jibu litakuwa mzunguko wa mazao, na hapo nako uangalifu unahitajika. Mahindi, ambayo wengi huyategemea kupumzisha shamba la soya, huweza kulea minyoo fundo bila kuonyesha mafundo ya wazi; shamba likaonekana limepona, kumbe idadi haijashuka. Karanga hukataa makundi mengi ya incognita lakini hushambuliwa na baadhi ya makundi ya aina nyingine ya mnyoo fundo, Meloidogyne arenaria. Marejea, ambayo wamishonari wa Peramiho waliieneza Ruvuma kwa ajili ya rutuba, ina sababu ya pili ya kurudishwa mashambani, hasa kwenye yale mabaka ya alama 4 na 5. Tibu mabaka hayo kwanza, maana daftari lako linakuonyesha yalipo.

Kwa maafisa ugani na viongozi wa vyama vya ushirika wa mazao (AMCOS) kuna kazi ambayo mkulima mmoja hawezi. Daftari moja linaeleza shamba moja; madaftari 20 ya kata moja, yaliyojazwa kwa alama zile zile na vipande vya ukubwa ule ule, yanaweza kuonyesha kama mnyoo ni tatizo la bondeni tu au la kata nzima, na kama fedha za pembejeo ziende kwenye mbegu, chokaa ya udongo au mzunguko wa mazao. Wakubaliane mapema kipande kiwe mita za mraba ngapi na kipimo kipi cha mafundo kitumike, kisha wagawe karatasi za kujaza kabla ya kupanda. Vigingi navyo visimikwe soya ikiwa kwenye maua. Ikishakomaa mizizi huanza kuoza, mafundo hupotea, na msimu huo hauwezi kupimwa tena.